Fundi Pantaleo na Mipira Iliyokawiza Harusi

Wasikilizaji wapendwa, shikamooni wakubwa, na ninyi wa rika langu, mambo vipi. Mliopo dukani, mliopo jikoni, mliopo njiani na mliopo wodini mkimuuguza mtu wenu, vuteni kiti. Ni mimi Josepha Mallya, na leo tunamkumbuka fundi.

Alikuwa fundi wa injini za ndege. Jina lake Pantaleo Nandonde. Alifariki Jumanne iliyopita, nyumbani kwake, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, akiwa amevuka miaka themanini. Alhamisi akazikwa Kinondoni. Narudia kwa mliochelewa kuwasha redio: Pantaleo Nandonde, fundi wa ndege, mkazi wa Narung'ombe, ametutoka.

Mnaopita mtaa ule mlimwona. Mzee mrefu, mwembamba, mwenye viganja vikubwa kana kwamba aliviazima kwa mtu mwingine. Alikaa barazani asubuhi, akisalimia kila mpitaji kwa jina. Kama hakulijua jina, aliliuliza.

Jana nilikwenda kuwapa pole wafiwa. Nilikaa mkekani na mjane wake, Bibi Angelina, na binti yao wa kwanza, Severa.

"Shikamoo, bibi," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na mashine yako ya kunasa sauti?"

"Nimekuja nayo, bibi."

"Basi iwashe kabisa. Mimi nikianza, sisimami."

Na kweli, wasikilizaji, hakusimama. Nitakayowasimulia leo nimeyapata kwake na kwa Severa.

Pantaleo alizaliwa karibu na Ndanda, kusini, chini ya ule mlima wa Wamakonde. Misheni ya pale ilikuwa na karakana, na ndani ya karakana kulikuwa na mashine ya kusaga. Kijana alipenda mashine ile kuliko chakula chake. Ikikohoa, yeye anajua. Ikinyamaza, ndiye anayeitwa. Mwaka hamsini na moja akapanda meli ya pwani pale Lindi, akalala sitahani juu ya magunia ya korosho, akaja Dar es Salaam kutafuta maisha.

Maisha aliyakuta bandarini. Alikuwa kuli kama makuli wengine, akibeba katani, saruji na vitambaa. Siku moja likashushwa sanduku kubwa la mbao, na ndani yake injini ya ndege. Pantaleo akatumwa apande lori alisindikize mpaka uwanja wa ndege, njia ya Pugu. Alilisindikiza. Lakini lori liliporudi bandarini, lilirudi bila yeye.

Alibaki kwenye banda la ndege, amesimama, anatazama Kalasinga mmoja mrefu akilifungua lile sanduku. Huyo alikuwa Bwana Gurdial, fundi mkuu wa kampuni ndogo ya ndege za kukodi.

"Unatazama nini wewe?" Bwana Gurdial akamwuliza.

"Natazama inavyofunguliwa."

"Na kazi yako?"

"Ilikuwa kuileta. Nimekwisha kuileta."

Bwana Gurdial akamtazama sana, kisha akampa spana. Wasikilizaji wapendwa, hivyo ndivyo Pantaleo Nandonde alivyoanza ufundi wa ndege. Alianza kwa kushikishwa spana.

Alipanga chumba Mtaa wa Msimbazi, kwenye nyumba ya Rajabu. Huyu Rajabu alikuwa mtu wa Kilwa, mfupi, mcheshi, mwenye duka la vipuri vya malori upande wa mbele wa nyumba hiyohiyo. Mmoja Mwislamu, mwingine Mkristo, na wote wawili watu wa kusini. Walikula sahani moja. Idi ikifika Pantaleo yupo, Krismasi ikifika Rajabu yupo. Wakati huo Kariakoo ilikuwa bado nyumba za udongo na mapaa ya mabati na madebe. Mvua ikinyesha Jangwani panajaa maji, na vyura wanaimba hadi huku Msimbazi. Pantaleo aliupenda mji huu. Bibi Angelina ananiambia, "Alikuwa akija likizo Ndanda anaongea habari za Kariakoo mpaka tunachoka."

Kwa Bwana Gurdial alijifunza. Akajifunza kushusha silinda na kuirudisha. Akajifunza kufunga waya wa usalama kwenye nati ili isijifungue kwa mtikisiko. Kulikuwa na neno moja Bwana Gurdial alilolirudia kila wiki, na Severa analijua kwa moyo kwa sababu baba yake alilirudia nyumbani: "Mpira hauonyeshi uzee wake usoni. Ushike."

Ngoja niwaeleze hiyo mipira, maana na mimi ilibidi nielezwe jana. Injini ya ndege ikizunguka inapata joto kali. Ndani yake kuna oili. Oili inalainisha vyuma, na tena inalibeba lile joto, inalitoa nje kwenye rejeta ndogo inayopigwa na upepo. Ikipoa, inarudi ndani. Kwenda na kurudi, inapita kwenye mipira myeusi, minene kama kidole gumba. Mpira ukizeeka unakakamaa. Ukikakamaa unapasuka. Ukipasuka mkiwa angani, oili yote inamwagika, injini inakauka, inashika moto wa ndani, inakwama. Na ndege yao ya safari za kusini ilikuwa na injini moja tu.

Sasa tuingie mwaka hamsini na sita. Pantaleo alikwisha kuchumbia kwao. Mchumba ni Angelina, binti wa Ndanda, aliyekuwa akisaidia jikoni kwa masista. Mahari ilikwisha kupokelewa. Majina yalikwisha kutangazwa kanisani. Harusi ikapangwa Jumamosi moja baada ya Pasaka.

Lakini Pasaka, kama mnavyojua, inaangukia kwenye masika. Na masika ya mwaka ule yalikuwa ya kufunika nchi. Rufiji ikafurika, barabara ya kusini ikafungwa. Meli ya kwenda Lindi ilikwisha kung'oa nanga, na nyingine ingechukua wiki kadhaa. Njia iliyobaki ilikuwa angani. Kampuni ikamwambia Pantaleo: siti moja ni yako, ndiyo zawadi yetu ya harusi. Ndege itakwenda Alhamisi, itatua Nachingwea, na kutoka pale utapata lori la kukufikisha Ndanda.

Alhamisi ikafika. Pantaleo alikwenda uwanjani na sanduku lake dogo, ndani yake suti aliyoshonewa Kariakoo, na viatu. Mtu wa kuikagua ndege kabla ya safari alikuwa ni yeye mwenyewe. Bwana Gurdial alikuwa ng'ambo ya banda, na ndege nyingine iliyokuwa imevuliwa injini nzima.

Pantaleo akafungua kifuniko cha injini. Akatazama. Kila kitu safi. Kisha akapitisha mkono nyuma, mahali ambapo jicho halifiki, akaushika mpira wa kurudishia oili.

Ulikuwa mgumu kama mti.

Akaukunja kidogo karibu na klipu. Ukafunguka nyufa ndogondogo, na katika zile nyufa, unyevu wa oili. Akashika wa pili. Nao vilevile. Ndege ile ilikuwa imesafiri juzi yake na kurudi salama. Kwa nje, mipira ilikuwa inang'aa.

Hapa nimwache Severa aseme, maana aliyasikia kwa baba yake.

"Baba alituambia hivi: mwanangu, nilikifunga kile kifuniko. Nilikifunga, nikakaza kila skrubu. Nikaenda kunawa mikono. Nilikuwa najiambia, imekwenda juzi, itakwenda na leo. Safari moja tu. Nikirudi kutoka kuoa, nitaibadilisha."

Mmesikia, wasikilizaji? Alikifunga. Hakuna mwingine aliyeiona ile mipira. Angenyamaza, Jumamosi angekuwa altareni.

Akiwa pale bombani, akamwona rubani anakuja na begi lake. Rubani alikuwa Mzungu kijana, mcheshi. Nyuma yake alikuwapo muuguzi wa hospitali ya misheni, anarudi kazini Ndanda, na mtoto mchanga mgongoni. Yule mtoto alikuwa amelala, mdomo wazi.

"Bwana harusi," rubani akamwita. "Tayari?"

Pantaleo akafuta mikono yake kwenye suruali.

"Si tayari," akasema. "Ndege haiendi."

Akaenda kumwita Bwana Gurdial. Kalasinga akaja, akapitisha vidole palepale, akaukunja mpira. Kisha akasema, "Mipya niliiagiza Nairobi. Nilijua hii inakaribia mwisho wake, ila nilidhani bado kitambo. Masika haya, na joto lile la kiangazi, yameimaliza mapema." Akamgeukia Pantaleo. "Unajua ndani ya ndege hii alikuwa apande nani?"

"Najua, bwana. Ndiye anayekwambia."

Bwana Gurdial akamwekea mkono begani. Akachukua chaki, akaandika ubavuni mwa ndege kwamba isiruke.

Pantaleo akaenda Posta kupiga simu ya maandishi. Maneno yenyewe Bibi Angelina ameyashika mpaka leo: NDEGE MBOVU NITACHELEWA NISUBIRI PANTALEO. Simu ikafika Lindi siku ileile. Lakini kutoka Lindi kwenda Ndanda ilipaswa ibebwe na lori, na lori likakwama kwenye tope.

Kwa hiyo, wasikilizaji wapendwa, Jumamosi ilifika kabla ya simu.

Bibi Angelina anasema, "Nilivaa gauni. Masista ndio waliolishona. Kengele ikapigwa, watu wakaingia. Padri akangoja. Tukaimba wimbo wa kuingilia, tukaurudia, tukaurudia tena. Mwisho padri akaja nilipokaa, akaniambia kwa sauti ya chini, binti yangu, nenda kapumzike."

Nikamwuliza, "Ulilia, bibi?"

"Sikulia kanisani. Nililia nilipolivua gauni."

Baba yake mzazi alikwisha kufariki. Aliyesimamia mambo yake ni baba mdogo, Mzee Vitalis, mtu mkali, mtu wa heshima zake. Aliaibika mbele ya ukoo mzima. Nyama ilikwisha kupikwa, na watu waliila kimyakimya kama matangani.

"Mji umemmeza," Mzee Vitalis akasema. "Kijana wa Dar es Salaam huyo, amepata mwingine huko. Nitarudisha mahari yao. Yupo yule fundi cherehani wa Mtama, aliuliza habari zako mwaka jana. Ni mtu wa karibu, tunamwona kwa macho."

Simu ikafika katikati ya wiki, imelowa. Mzee Vitalis akaisoma, akaitupa mkekani. "Ndege mbovu. Kisingizio gani hiki?"

Angelina akaiokota. Akaisoma. Anasema aliisoma taratibu kwa sababu alikuwa hajazoea herufi zile kubwa.

"Baba mdogo," akasema, "mtu anayekimbia haachi neno la nisubiri."

"Wewe unamjua kuliko mimi?"

"Simjui sana. Ndiyo maana nataka nikamwulize mwenyewe, uso kwa uso."

"Utamwulizia wapi? Dar es Salaam? Peke yako?"

"Na shangazi."

Mzee Vitalis akainuka mkekani. Kisha akatamka, kwa hasira, maneno ambayo baadaye aliyafurahia mwenyewe: "Basi nenda. Ukimkuta hana ndege mbovu, rudi tukuozeshe Mtama."

Angelina na shangazi yake wakaondoka na lori la kwanza lililopita. Walisukuma lile lori kuliko walivyolipanda. Wakafika Lindi wakiwa na matope mpaka kiunoni, na kwa bahati wakakuta meli ya pwani inayopanda kuja Dar es Salaam.

Turudi Kariakoo. Pantaleo alikuwa hajui lolote kati ya hayo. Jumamosi ya harusi yake alikaa kwenye ngazi ya duka la Rajabu, hataki kula. Rajabu akamwonea huruma.

"Ndugu yangu, mipira tu ndiyo inakuzuia kuoa? Tazama ukutani kwangu. Mipira imejaa. Chukua unaoutaka, mpya kabisa, haujaguswa."

Pantaleo akauchukua. Ulilingana unene na ule wa ndege. Ulikuwa mpira wa rejeta ya lori. Jumatatu akaupeleka kwa Bwana Gurdial, na nadhani, wasikilizaji, moyoni alikuwa anaomba aambiwe ndiyo.

Bwana Gurdial hakusema ndiyo, hakusema hapana. Akakata kipande, akakitumbukiza kwenye kopo la oili, akaliweka kopo juu ya jiko la mafuta ya taa. Wakaendelea na kazi nyingine. Kesho yake wakakitoa. Kile kipande kilikuwa kimevimba, kimelegea, ukikibonyeza kinabaki na alama ya kidole. Pantaleo alikifananisha na andazi lililosahauliwa kwenye chai.

"Huu ni wa maji," Bwana Gurdial akasema. "Kwa maji ni mpira mzuri sana. Oili itaula."

Pantaleo akamrudishia Rajabu kile kipande. Rajabu akakigeuza, akakibonyeza, akakaa chini. Kumbe na yeye alikuwa akiuza mipira miaka yote hiyo bila kuitenga. Siku ileile aliishusha yote kutoka ukutani, akaipanga upya, ya maji upande huu, ya oili upande ule. Dereva akiingia dukani, Rajabu anamwuliza kwanza: wa maji au wa oili? Watu walimcheka, wakamwita Maji-au-Oili. Aliishi na jina hilo, na biashara yake ikanawiri nalo.

Mipira mipya ikaja na ndege ya barua kutoka Nairobi, siku ileile meli ya pwani ilipoingia bandarini.

Angelina na shangazi wakashuka. Hawakumjua mtu. Walichokuwa nacho ni jina la mtaa na jina la Rajabu. Wakauliza kwa makuli, wakauliza kwa wauza maji, wakafika Msimbazi. Rajabu alikuwa dukani. Akawaona wanawake wawili wenye vikapu, wamechoka, wanasimama mbele yake.

"Karibuni," akasema. "Wa maji au wa oili?"

"Tunamtafuta Pantaleo Nandonde," akasema Angelina. "Mimi ndiye mchumba wake."

Bibi Angelina anacheka mpaka leo akikumbuka uso wa Rajabu. Anasema mtu yule alisimama, akakaa, akasimama tena, akamwita mkewe. Wakapewa maji ya kuoga, wakapikiwa wali na samaki wa nazi. Pantaleo hakurudi chumbani usiku ule; mipira ilikuwa imefika, akalala uwanjani ili aanze kazi alfajiri. Asubuhi yake Rajabu akafunga duka, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akawapeleka uwanja wa ndege.

Pantaleo alikuwa juu ya ngazi, mikono yote miwili ndani ya injini. Oili ilikwisha kumwagwa ndooni. Klipu zilikwisha kulegezwa. Mipira ya zamani iling'ang'ania kwenye bomba, ikabidi aikate kwa kisu, na ilipokuwa ikitoka ilimeguka vipande vyeusi kama makaa. Alikuwa akisafisha ncha za bomba kwa kitambaa aliposikia sauti.

"Ndiyo hiyo mipira?"

Akageuka. Angelina alikuwa chini ya bawa, na kanga yake mpya aliyopewa na mke wa Rajabu.

Pantaleo hakuanguka kwenye ngazi, lakini Bwana Gurdial alisogea kumdaka kama angeanguka.

"Angelina. Umefikaje?"

"Kwa lori na meli. Nimekuja kukuuliza. Kule nyumbani wanasema umekimbia."

"Nani anasema?"

"Baba mdogo. Amenipa mchumba mwingine, wa Mtama." Akanyoosha mkono. "Nionyeshe."

Pantaleo akashuka, akamkabidhi kipande cha mpira wa zamani. Angelina akakikunja. Kikavunjika mkononi mwake, pande mbili. Akatazama ndani, akaona ule weusi ulivyooza.

"Na ungepanda ndege yenye kitu hiki?"

"Nilikuwa karibu kupanda. Nilikifunga kifuniko. Nilitaka nifike kwako."

Bibi Angelina ananiambia hapo ndipo alipompenda hasa. Kuchumbiwa alikwisha kuchumbiwa, lakini kupenda, anasema, ni pale chini ya bawa. Akamwambia, "Ungenifanya mjane kabla sijawa mke. Maliza kazi yako. Sisi tunakaa hapa."

Wakakaa juu ya masanduku, yeye, shangazi na Rajabu. Wakatazama kazi. Pantaleo akapima mpira mpya, akaupa nafasi kidogo ya kulegea kwa sababu injini hutikisika, akahakikisha haukujisokota. Akauvika kwenye bomba mpaka ukakaa. Akakaza klipu, si sana, si kidogo. Bwana Gurdial akaja nyuma yake akigusa kila mahali alipogusa. Wakatia oili mpya. Wakatandika gazeti safi chini ya injini, wakaiwasha. Ikanguruma mpaka kanga zikapepea na kofia ya Rajabu ikaruka. Walipoizima, wakalitazama gazeti wote kwa pamoja, hata shangazi.

Halikuwa na tone hata moja.

"Sasa tayari," Pantaleo akasema.

Harusi ikafungwa hapahapa Dar es Salaam, kanisa la Mtakatifu Yosefu karibu na bandari, baada ya mapadri wa huku na wa Ndanda kuulizana kwa simu na kuridhiana. Suti ikatoka sandukuni. Gauni halikuwapo, lilibaki Ndanda, kwa hiyo Bibi Angelina aliolewa na kanga na kitambaa cheupe kichwani, na picha ipo ukutani, nimeiona. Karamu ilikuwa uani kwa Rajabu. Mkewe na majirani walipika pilau kwa masufuria ya kuazima mtaa mzima. Bwana Gurdial alikuja na kilemba cha rangi ya waridi, akacheza ngoma mpaka watoto wakamfuata. Yule muuguzi naye alikuja, maana alikuwa bado anangoja ndege, na mtoto wake mgongoni.

Wiki ile wakaruka. Maharusi, shangazi, muuguzi na mtoto.

"Tulipita juu ya Rufiji," Bibi Angelina ananisimulia. "Maji yametanda, huoni kingo. Miti imezama mpaka shingoni. Nikamtazama mume wangu, hatazami nje. Ameinamisha kichwa, anaisikiliza injini. Nikamwambia, umekwisha kusikiliza vya kutosha, sasa tazama. Akatazama. Akanishika mkono. Hakuuachia mpaka Nachingwea."

Ndanda, Mzee Vitalis alikuwa amejiandaa na maneno makali. Hakuyatumia. Yule muuguzi alitangulia mbele, akapiga goti, akamwamkia, akamwambia, "Shikamoo, baba. Mimi na mwanangu tulikuwa tupande ndege ile siku ile. Mkweo ndiye aliyeizuia."

Mzee akamtazama mtoto. Akamtazama Pantaleo.

"Kwa hiyo kweli ilikuwa mbovu," akasema.

"Kweli, baba."

"Haya. Kaeni. Nyama ile ya kwanza tuliila bila furaha, acha tuchinje nyingine."

Wasikilizaji wapendwa, huyo ndiye Pantaleo Nandonde. Ndoa ile ilidumu maisha yao yote. Walizaliwa watoto, wa kwanza Severa, ambaye alimfuata baba yake na kuwa fundi wa ndege, mwanamke, wakati wengi wakisema haiwezekani. Mzee aliendelea na kazi miaka mingi. Bwana Gurdial alipoondoka nchini, Pantaleo ndiye aliyeshika nafasi yake. Alifundisha vijana wengi, na nimeambiwa Alhamisi walikuja makaburini, wengine na mvi zao, wengine na sare zao za kazi. Ndege alizozigusa zilikwenda na kurudi.

Nilimwuliza Severa baba yake alikuwa mtu wa namna gani nyumbani. Akafikiri, akasema, "Baba alikuwa mtu mwenye raha. Hakuwa na jambo alilolificha, kwa hiyo alilala vizuri."

Na alikufa vizuri. Jumanne mchana alikula wali na mchicha, akasifu mchicha. Akamwambia mkewe anajinyoosha kidogo. Bibi Angelina alikuwa pembeni yake, anachagua mchele wa kesho. Anasema alisikia pumzi inapungua, taratibu, bila kukwama. Akaacha ungo, akamshika mkono.

Kwa niaba ya wote tunaotangaza hapa, na kwa niaba yenu mnaotusikiliza, nawapa pole Bibi Angelina, Severa na wadogo zake, wajukuu, ukoo wa Nandonde kule Ndanda, na majirani wote wa Narung'ombe na Msimbazi. Mungu awape nguvu. Naye apumzike kwa amani.

Na sisi tuliobaki, kila mtu na kazi yake. Wewe unayejenga, wewe unayepika kwa ajili ya watu, wewe unayeendesha, wewe unayepima dawa. Ipo siku mkono wako utagusa kitu kisicho sawa, na hakutakuwa na shahidi ila wewe. Utakuwa na haraka. Utakuwa na sababu nzuri kabisa ya kunyamaza, pengine hata harusi yako mwenyewe. Kabla hujamaliza kunawa mikono, inua macho uwatazame wanaokuja kupanda. Kisha useme.